KUTAFUTA KAZI SI KUNGOJA KUITWA



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote na Mwenye kuruzuku. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, maswahaba zake na wote waliofuata mwendo wao. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mzee wa mtaa wetu hapa Babati alinisubiri nje ya msikiti. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki yenye vyeti vya mwanawe. Akaniambia, “Ustadhi, huyu kijana nimemsomesha mpaka chuo. Huu ni mwaka wa tatu yupo nyumbani. Kuna mtu kanipigia simu, anasema nafasi ipo lakini anataka laki tano ya kusukuma faili. Nina ng'ombe wawili. Niuze mmoja?”

Nilinyamaza kidogo. Sikunyamaza kwa kutojua hukumu. Hukumu ya rushwa inajulikana, na Mtume (S.A.W.) amemlaani anayeitoa na anayeipokea. Nilinyamaza kwa sababu kijana yule alikuwa mwanafunzi wangu hapa madrasa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, “Wewe soma tu, kazi utaikuta.” Amesoma, na kazi hakuikuta. Leo baba yake yuko tayari kuuza ng'ombe ili anunue dhambi.

Kesho yake nilimwita kijana mwenyewe. Nikamuuliza, “Tangu umalize chuo umeomba kazi mara ngapi?” Akafikiri, akasema, “Mbili, Ustadhi.” Miaka mitatu, maombi mawili! La kwanza liligoma kwa kuwa majina ya kwenye cheti cha kuzaliwa na ya kwenye cheti cha Kidato cha Nne hayafanani. La pili hajui lilifika wapi, kwa sababu akaunti ilifunguliwa na kijana wa stesheneri kwa barua pepe ya stesheneri, na nywila kaisahau huyo aliyeifungua.

Basi nikajua kwamba tatizo letu ni kubwa kuliko tunavyolisema vijiweni. Nafasi ni chache, hilo kweli. Lakini pia hatujajifunza kutafuta. Tunangoja kuitwa, na kungoja huko tumekupa jina la kutafuta. Makala haya ni kwa ajili yenu wanafunzi, hasa mlio Kidato cha Tatu na kuendelea, na kwa wazazi wenu.

ZAMANI ULIPANGIWA, SASA UNASHINDANIA

Wazazi wengi wanashauri watoto wao kwa uzoefu wa zamani, na uzoefu huo ulikuwa wa kweli kwa wakati wake. Mwalimu aliyemaliza chuo miaka ya 2000 hakuomba kazi. Alisubiri orodha ya Wizara itoke, akatafuta jina lake, akafunga begi na kwenda kuripoti kituoni. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi katikati ya miaka ile, walimu walitafutwa kama dawa. Wakubwa wanakumbuka vijana waliomaliza Kidato cha Sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa darasani, wananchi wakawaita “voda fasta”.

Nini kilibadilika? Shule zile zile za kata zilitoa wahitimu wengi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007, na vyuo vingine vikafuata. Watoto wa wakulima na wafugaji wakaingia chuo kwa wingi, alhamdulillah. Lakini ofisi hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Mlango ulibaki na upana wake, na wanaotaka kupita wakawa umati.

Umati huo tumeuona. Mwezi Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa ajili ya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Ofisi haikutosha, ukatafutwa uwanja wa mpira! Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Gawanya mwenyewe, utapata watu kama 85 kwa kila kiti kimoja. Na ualimu, ambao zamani ulipangiwa tu, mwanzoni mwa mwaka 2025 waombaji 201,707 walikuwa wakishindania nafasi 14,648 kwa usaili. Hapo ni watu kama 14 kwa nafasi moja.

Ndugu mwanafunzi, zitazame hesabu hizo mbili kwa makini. Zote ni ngumu, lakini 14 si 85. Kumbe ushindani haulingani kila mahali. Nafasi yenye jina kubwa na ofisi ya mjini inakimbiliwa na wote, na nafasi isiyo na jina hukimbiliwa na wachache zaidi. Anayejua hilo ameanza kutafuta kwa akili.

Tena njia yenyewe imebadilika. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iliundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa kwa Sheria Na. 18 ya mwaka 2007. Matangazo yake na maombi yake hupitia mfumo wa Ajira Portal. Muombaji huchujwa kwa nyaraka, kisha kwa mtihani wa kuandika unaoitwa usaili wa mchujo, kazi nyingine huwa na usaili wa vitendo, na mwisho ni mahojiano ya ana kwa ana. Kwa njia hii ukipeleka bahasha ya kaki mapokezi ukaambiwa “tutakuita”, umepoteza nauli.

JINA MOJA, HERUFI TATU TOFAUTI

Nianze na jambo dogo linalowaangusha wengi wetu Waislamu. Ni majina.

Mtoto anazaliwa anaitwa Abdallah. Shule ya msingi anaandikwa Abdala. Sekondari anaandikwa Abdalah. Kitambulisho cha Taifa kinatoka na Abdallah pamoja na jina la babu ambalo shuleni halikuwepo. Huku kwetu Asha na Aisha ni mtu mmoja, Hamisi na Khamis ni mtu mmoja, na hakuna anayegombana. Lakini mfumo wa kompyuta haumjui mama yako. Kwake hao ni watu wawili, na mmoja kati yao anaweza kuwa mwizi wa vyeti.

Wala tusiulaumu mfumo. Mwezi Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki iliyoonesha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Baada ya hapo kila mwajiri anaangalia karatasi kwa jicho kali. Hivyo fanyeni haya mapema:

(a) Kabla hujasajiliwa mtihani wa Kidato cha Nne, linganisha jina lako la shule na la cheti cha kuzaliwa cha RITA, herufi kwa herufi. Wakati huo kusahihisha ni kazi ya kuongea na mwalimu. Baada ya cheti kutoka ni kazi ya wakili na hati ya majina iliyosajiliwa, nayo ina gharama.

(b) Cheti cha kuzaliwa kama huna, mzazi asingoje siku ya tangazo. Tangazo hukaa wiki chache tu, na foleni ya RITA haijui tarehe yako ya mwisho.

(c) Fungua barua pepe yako mwenyewe, kwa jina lako, na nywila uiandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Akaunti ya Ajira Portal ni amana yako. Kijana wa stesheneri akusaidie kuskani, asiwe ndiye mwenye maisha yako.

(d) Soma tangazo mpaka mstari wa mwisho. Matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba hati za matokeo za muda hazikubaliwi, vinatakiwa vyeti vyenyewe. Kwamba cheti cha kuzaliwa kithibitishwe na mwanasheria au wakili. Na kwamba barua ya maombi iwe imesainiwa. Nimewaona vijana wenye daraja la kwanza walioangushwa na barua isiyo na saini. Hapo hakuna ujomba wala uadui. Ni kutosoma.

NABII YUSUF NA NABII MUSA (A.S.)

Baadhi ya vijana wetu huona aibu kujieleza. Husema kujisifu ni kiburi. Rejeeni Surat Yusuf, aya ya 55. Nabii Yusuf (A.S.), akiwa ametoka gerezani, aliomba mwenyewe asimamie hazina za nchi, na akataja sifa mbili: kwamba ni mwenye kuhifadhi na ni mjuzi. Hakutaja kwamba ni mzuri wa sura, wala kwamba ni mtoto wa Nabii, wala hakuanza kusimulia dhulma ya nduguze. Alitaja zile zinazohitajika na kazi ile, katika nchi iliyokuwa inaelekea kwenye miaka ya njaa.

Sasa tazama barua zetu za maombi. Kijana anaandika barua moja, anaitolea nakala ishirini, anabadilisha jina la ofisi tu. Anayeomba utunza ghala na anayeomba ukarani wana barua ile ile: “mimi ni mchapakazi na ninaweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu.” Barua hiyo haimwambii mwajiri chochote. Muombaji wa ghala aseme kwamba msimu wa mavuno alipima magunia kwenye stoo ya mbaazi, akatunza daftari la kuingia na kutoka, na hesabu haikupotea. Hiyo ni barua ya mistari miwili, lakini ina uzito kuliko kurasa tatu.

Kisha tazameni kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Surat al-Qasas. Alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kazi wala jamaa. Akawakuta wanawake wawili wamezuiwa na umati kisimani, akawanyweshea wanyama wao bila kudai ujira, kisha akaenda kivulini kumuomba Mola wake. Kazi ilikuja baada ya hapo. Mmoja wa wale mabinti akamshauri baba yake amuajiri, kwa kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu.

Ndani ya kisa hiki muna mambo matatu. Alifanya kazi kabla ya kuajiriwa. Kuna mtu aliyeiona kazi yake akaenda kumsemea. Na sifa zilizosemwa ni mbili, uwezo na uaminifu. Siku hizi fomu zinataka wadhamini watatu wa kuaminika. Vijana wengi huandika jina la mjomba aliyeko Dar es Salaam ambaye hajawahi kuwaona wakishika jembe. Mdhamini wa kweli ni yule aliyekuona ukifanya kazi.

Nitawaambia siri ya mji huu. Kwa mwaka mzima mimi hufuatwa na wafanyabiashara wa hapa Babati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mnunuzi wa mazao, mwenye duka la dawa, wakisema, “Ustadhi, nipatie kijana.” Hawaniulizi ana shahada gani. Huniuliza maswali mawili: anafika saa ngapi, na fedha yake huwa inatimia? Mara kadhaa nimeshindwa kutaja jina. Wenye elimu walisema hiyo si kazi yao, na niliowataja wengine niliwataja kwa wasiwasi. Ndugu zangu, jambo hilo liliniuma. Nafasi hizo hazitangazwi popote, wala hazina waombaji 85. Zinataka kijana anayejulikana kwa uaminifu, na madrasa ndiyo mahali hasa pa kujulikana hivyo.

SHOKA NA SIKU KUMI NA TANO

Ipo hadithi iliyopokewa na Abu Daud ambayo wengi tunaisimulia tunapokataza kuombaomba. Mtu wa Ansari alikuja kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na kitambaa cha kujifunika na chombo cha kunywea maji. Vikaletwa, vikauzwa kwa dirham mbili. Moja akanunulie watu wake chakula, ya pili akanunue shoka. Mtume (S.A.W.) akalitia mpini kwa mkono wake, akamwambia aende akate kuni na auze, asimuone mpaka zipite siku kumi na tano. Akarudi akiwa na dirham kumi.

Kila mara tunasimamia kwenye shoka. Mimi naomba leo tutazame yaliyolizunguka shoka. Kwanza aliulizwa ana nini, hakuulizwa amekosa nini. Pili chakula cha nyumbani kilitengwa kabla ya mtaji, maana mwenye njaa hawezi kutafuta vizuri. Tatu alipewa chombo cha kazi. Nne aliwekewa muda. Tano alirudi kutoa habari.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo tuliyoyaacha. Mtoto anayehifadhi Qur-ani hapa madrasa husikilizwa kila siku. Akiruka aya anarudishwa. Akikaa siku tatu hajafika, tunamtuma mwenzake nyumbani kumuulizia. Lakini kijana huyo huyo akimaliza chuo na kuanza kutafuta kazi, hakuna anayemsikiliza. Anakaa miaka mitatu na maombi mawili na hakuna hata mmoja aliyejua, si baba yake, si mimi mwalimu wake. Tunachomuuliza tukikutana naye ni, “Vipi, umepata?” Swali hilo halimsaidii, linamuaibisha tu, na mwisho anatukwepa mpaka msikitini.

Maoni yangu ni haya: mtafuta kazi naye asikilizwe. Kila siku kumi na tano akae na mtu mmoja anayemheshimu, na aulizwe maswali haya badala ya lile moja:

1. Umesoma matangazo gani, na lipi linalingana na sifa zako?
2. Umepeleka maombi mangapi, na nyaraka gani ilikosekana?
3. Umejiandaaje kwa usaili wa mchujo? Umesoma tena daftari zako za chuo?
4. Kwa siku hizi kumi na tano umefanya kazi gani ya mikono, na nani aliiona?

Swali la kwanza ni zito kuliko linavyoonekana. Vijana wengi husoma tangazo la kazi wanayoitamani, si wanayoiweza. Chukueni mfano wa udereva Serikalini. Matangazo hutaka cheti cha Kidato cha Nne, leseni ya daraja la E au C, na kuwa umeendesha kwa mwaka mmoja au zaidi bila kusababisha ajali. Hapa stendi wapo wanaoendesha kwa miaka na leseni wanayo, lakini mtihani wa Kidato cha Nne waliukimbia. Wapo pia wenye cheti cha Kidato cha Nne kabatini wanaozungusha bodaboda bila leseni ya aina yoyote. Kila mmoja amekosa nusu tu, na hajui kwa sababu hajawahi kusoma tangazo. Mwenye cheti akaenda chuo cha ufundi stadi akapata mafunzo na leseni, amefungua mlango. Vivyo hivyo Mtendaji wa Kijiji, halmashauri nyingi hutaka astashahada ya fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii, wala hazitaki shahada.

Na swali la nne lisidharauliwe. Kwa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Sisi Waislamu ambao kila siku tunalalamika kwamba mikopo ya mjini ina riba, ni vikundi vingapi vya vijana wetu vimekwenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii kuuliza masharti? Kijana anayefuga kuku au kushona huku akiomba kazi hajakata tamaa ya cheti chake. Anakula, anajulikana, na siku ya mahojiano ana la kusimulia.

UPENDELEO UPO, LAKINI USIWE DINI YAKO

Najua baadhi yenu mnasema, “Ustadhi anaota. Kazi ni kujuana.” Sikatai kwamba upendeleo upo. Mimi mwenyewe, kabla ya kushika chaki hapa, niliwahi kufanya usaili mahali fulani nikatoka na matumaini, kisha nikaambiwa na watu kwamba nafasi ile ilikuwa na mwenyewe toka mwanzo. Niliumia. Lakini lililoniumiza zaidi ni mwaka uliofuata, kwa kuwa sikuomba popote. Nilimtangazia kila mtu kwamba ni bure. Mwaka ule haukuibiwa na yule mwenye mjomba. Niliutupa mwenyewe.

Ukiamini kwamba kila mlango umefungwa kwa ujomba, mambo mawili yatakupata. Ama utakaa, ama utatafuta ujomba wa kununua. Na hapo ndipo matapeli wanapowasubiri wazazi wetu. Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ni bure. Anayepiga simu kwa namba yake binafsi na kudai fedha ya faili hana faili. Na hata angekuwa nalo kweli, kazi iliyopatikana kwa kumnyang'anya mwenye haki ni tonge la haramu kila mwisho wa mwezi, mpaka siku ya kustaafu. Mzazi gani anataka kumlisha mjukuu wake tonge hilo?

Kwa upande mwingine, wako wanaokaa na kusema, “Nimemtegemea Allah.” Bwana Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kisha ategemee. Na alipotoa mfano wa tawakkul alimtaja ndege, anayetoka asubuhi na njaa na kurudi jioni ameshiba. Ndege huyo hutoka kiotani.

KWA WAZAZI, NA KWA MADRASA YETU

Wazazi wangu, naomba msimuulize kijana “umepata?” kila siku ya Ijumaa. Muulizeni “umeomba wapi?” na mumpe nauli na bando ya kuomba. Laki tano ile ya tapeli ingetosha vyeti kuthibitishwa, hati ya majina, na safari za usaili. Kwa binti pia msiwe na haraka ya kusema amesoma bure, aolewe. Wapo mabinti wetu wanaoshinda mitihani ya mchujo kuliko kaka zao, wanachokosa ni mtu wa kuwasindikiza Dodoma. Tangu barabara ya lami ya kupitia Kondoa izinduliwe mwaka 2018, safari hiyo si ya kuogopwa tena.

Wala msiwatoe watoto shuleni kwa hoja kwamba “fulani kasoma na yuko nyumbani.” Ushindani ukiwa mkali, asiyesoma ndiye wa kwanza kuachwa.

Na sisi walimu wa madrasa tunawajibika. Napendekeza kwa uongozi wetu tuwe na daftari la watafuta kazi, na darasa la kusikilizana kila baada ya siku kumi na tano, baada ya Isha. Mwenye ujuzi wa kompyuta awasaidie wenzake kuskani. Aliyewahi kufanya usaili aje aeleze aliulizwa nini. Wafanyabiashara Waislamu wakitaka vijana, waje waone daftari hilo. Jambo hili halihitaji mfadhili kutoka nje. Linahitaji meza, taa na watu wenye kujali.

Msomaji atataka kujua habari ya yule mzee. Ng'ombe hakuuzwa. Baba na mwana walikwenda kwa wakili, majina yakatengenezwa, akaunti mpya ikafunguliwa. Tangu hapo kijana ameleta habari zake kila wiki mbili. Ameshapeleka maombi tisa. Aliitwa usaili wa mchujo mara moja, hakufaulu, na safari hii alijua ni kwa nini, maana maswali ya sheria za kazi yake hakuwa ameyasoma. Sasa anayasoma. Mchana anapima mazao kwenye stoo ya mfanyabiashara mmoja, na yule bwana ameshaniambia kwamba akiombwa kuwa mdhamini atakubali bila kufikiri.

Kazi bado hajaipata. Lakini siku hizi hanikwepi, na akinisalimia hutangulia yeye kusema, “Ustadhi, wiki hii nimeomba mbili.”

Tunamuomba Allah (S.W.) awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, awalinde wazazi wetu na matapeli, na atujaalie sisi walimu kuwa wenye kusikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.